Vizibao vya Mitetea

Jogoo alikuwa anawika kichwa chini miguu juu, na hilo ndilo lililomponza Fundi. Alitoka nyumbani kununua uzi wa kijani na zipu, basi, na safari ya uzi na zipu haina sababu ya kupitia kwa muuza kuku. Lakini miguu ina ukaidi wake. Pale sokoni majogoo walikuwa wamening'inizwa kwenye fito, miguu imefungwa kamba. Wenzake wote walishanyamaza, wamekubali yaishe. Huyu mmoja damu ilimshukia kichwani, macho yamemtoka, na bado alijivuta shingo akawika, tena kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Huyo mbona ana kelele?" Fundi akauliza.

"Tangu asubuhi, mama. Kanichosha. Anafukuza wateja."

"Mfungue."

"Unamchinja leo leo?"

"Nimesema mfungue. Sijasema mchinje."

Muuza kuku akacheka, akamkumbusha kwamba jogoo wa shamba hawiki mjini. "Huyu hajaambiwa," Fundi akajibu, akamtia kwapani. Uzi akausahau, na zipu pia. Njia nzima alijua kwamba amefanya kosa, na kosa lenyewe lilikuwa tamu.

Kosa lilikuwa hivi. Uani kwake Fundi alikuwa na mitetea kumi na mmoja, kuku wa mayai ambao bado hawajaanza kutaga. Aliletewa na dada yake, na dada yake alipowashusha alishusha na amri: maji yabadilishwe kila asubuhi, banda lifagiliwe, na asimwone jogoo hapa. "Kuku hahitaji jogoo ili atage," alisema huku anajifuta mikono. "Jogoo ni mdomo wa kulisha na kelele za bure. Tena atawaparura hawa watoto. Umenisikia, mdogo wangu?"

Fundi alisikia. Amekuwa akisikia tangu azaliwe.

Dada mtu alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Matroni. Kazi alistaafu, kuamuru hakustaafu. Tusimwonee, maana mengi mazuri yalitoka mkononi mwake. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea Fundi, akampeleka kujifunza kushona, akamnunulia cherehani, akamtafutia na nyumba. Lakini kila alichotoa kilikuwa na kamba, na ncha ya kamba aliishika mwenyewe. Fundi alitaka kushona magauni ya harusi. Matroni akasema sare za shule, sare zina uhakika. Basi ni sare, mwaka huu na mwaka ujao, kijani na nyeupe mpaka macho yanakuwa ya kijani. Kulikuwa na seremala mmoja aliyekuja kuposa, mtu mpole, vumbi la mbao kwenye nyusi. Matroni akamwita mdogo wake pembeni, akamuuliza: una cherehani, una nyumba, mwanamume wa nini? Fundi akarudi kwenye sare zake, na seremala akaoa kwingine.

Sasa nywele zimeanza mvi, na ameletewa sentensi ile ile, safari hii imevishwa manyoya ya kuku. Kwa nini kila kitu chake kitosheke na nusu? Fundi alitaka vifaranga. Alitaka kitu kitakachozaliwa uani kwake, ambacho hakuna mtu atakayekuja kukishika shingo na kusema, "Nilikupa mimi." Na vifaranga, hata ufanyeje, vinataka jogoo.

Akamwita jogoo Mbishi.

Fundi hakuwa mjinga wa kuku. Alijua jogoo aliyekomaa hawekwi na mitetea kabla hawajawa tayari, maana ni mzito na hana adabu ya kuuliza. Akamtengea upande wake kwa wavu wa waya. Mbishi alishinda anatembea kando ya wavu, huko na huku, anajikohoza. Mitetea nao walikula kana kwamba hakuna mtu. Ikafika siku nyuso zao zikawa nyekundu, na kila Fundi alipowagusa mgongoni wakachutama wenyewe. Mmoja akataga yai dogo, akapiga kelele utadhani amejenga daraja. Basi Fundi akatoa wavu.

Mwanzo palikuwa na raha. Mbishi akipata mdudu hali. Anamwinua, anamwangusha, anaita wake zake waje. Lakini kila jogoo ana vipenzi, na vipenzi vya Mbishi walikuwa wanne, wale wapole. Haukupita muda migongo yao ikapukutika manyoya, ngozi ikabaki nyekundu nje. Fundi alimkamata akamsugua miiba ya miguuni kwa tupa mpaka ikawa butu. Haikutosha.

Kabla hajajua la kufanya, akapata mgeni mlangoni. Ni jirani wa mlango wa pili, mlinzi wa usiku, ambaye kwa kuwa hulala mchana na kuamka jua likizama watu walimpa jina la Popo.

"Fundi," Popo akasema, macho mekundu kuliko upanga wa jogoo, "mimi nalinda mali za watu usiku kucha. Nikirudi nalala. Sasa huyu mwenzangu kila nikifumba jicho ananisomea hotuba. Nifanyeje? Nimlinde na yeye?"

Fundi hakubishana. Alichukua tepu, akaenda akapima dirisha la Popo. Akamshonea pazia la turubai zito la mabegi ya shule, tabaka mbili, katikati kajaza mabaki ya vitambaa, pembeni kaweka vitanzi ili libane ukuta. Likitundikwa, chumba kinakuwa giza tororo adhuhuri. Kesho yake Popo alikuja kushukuru, amelala mpaka shavu lina alama za mto. Mbishi bado alisikika kwa mbali, akasema, lakini kama jirani wa mtaa wa pili, na jirani wa mtaa wa pili anavumilika.

Kisha akaja Matroni. Hakuja kusalimia, alikuja kukagua. Akapita moja kwa moja mpaka uani, na Mbishi, ambaye hajui kujificha, akapanda juu ya ndoo akamwikia usoni.

"Huyu nani?"

"Jogoo," Fundi akasema.

"Naona ni jogoo! Nilisema nini mimi?" Matroni akainama, akamdaka mtetea mmoja kwa mkono mmoja, ufundi wa mtu aliyezoea kushika wagonjwa wasiotaka kushikwa. Akamgeuza. Mgongo wazi. "Haya, tazama! Tazama ngozi ya mtoto wa watu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe guu unawavunjia wenzako."

Fundi aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya haki.

"Mwisho wa mwezi narudi na dereva," Matroni akasema. "Nikimkuta huyu jogoo hapa, naondoka na mitetea wangu wote. Chagua."

"Wako?"

"Kwani nani aliwanunua?"

Alipoondoka Fundi akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Alikuwa na hasira, lakini hasira haioteshi manyoya. Mbele yake palikuwa na rundo la vipande vya kijani, mabaki ya sketi za wanafunzi. Akatazama vipande, akatazama uani. Akatoka na tepu shingoni, akamkamata mtetea wa kwanza, akampima: upana wa mgongo, nafasi ya bawa la kulia, nafasi ya bawa la kushoto. Mtetea akamtazama kwa jicho moja. "Simama vizuri," Fundi akamwambia, kama anavyowaambia watoto wa shule.

Akashona vizibao. Kitambaa tabaka mbili mgongoni, lastiki mbili za kupitisha mabawa, shingoni wazi ili kuku ainame ale bila kunyongwa. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, mtetea akawa anakikanyaga. Cha pili kikabana. Cha tatu kikakaa. Mbishi alipopanda, miguu yake ikakanyaga kitambaa badala ya ngozi, akashuka akiwa na mawazo. Fundi akawashonea wote kumi na mmoja, hata wale ambao migongo yao ilikuwa mizima, maana alijua wivu wa wanawake unavyoanza.

Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Watu walichungulia juu ya ukuta wakauliza shule inafunguliwa lini, monita ni nani, huyu mwenye kizibao kilichopinda kwa nini hajarudishwa nyumbani. "Karo wanalipa kwa mayai," Fundi akawajibu. "Wa kwako wanalipa kwa nini?"

Mayai yalikuwa mengi. Hapo ndipo kosa lake la pili lilipojitokeza, na hili alilificha kwa siku kadhaa kwa aibu. Alingoja mtetea mmoja alalie. Hakuna aliyelalia. Kuku wa mayai akishataga hugeuka akaenda zake, hana habari. Kulalia kulishatoka katika ukoo wao zamani. Fundi alikuwa amehangaika kumtafuta baba, akamsahau mama.

Popo alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa mimi chini ya kitanda changu nina kuku wa kienyeji analalia hewa," akasema. "Kila nikimtoa anarudi. Kachana gazeti, kakalia kipande cha sabuni, anasubiri kiangue. Mpe huyo mayai. Tutagawana nusu kwa nusu."

Wakampa mayai. Baada ya wiki moja Popo akafunga pazia lile la turubai, chumba kikawa giza mchana kweupe, akawasha tochi yake ya lindo, akaliweka yai juu ya mwanga. Fundi akainama. Ndani ya yai palikuwa na doa jeusi, na kuzunguka doa mishipa myekundu, myembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuutia kwenye sindano. Doa likatikisika. Fundi akashika mdomo. Hiki hakikuletwa na mtu.

Mwisho wa mwezi pikapu ikasimama nje, matenga mawili nyuma. Matroni akashuka, akapita mpaka uani, akasimama. Mitetea kumi na mmoja waliovaa kijani walikuwa wanachakura. Mbishi yuko katikati yao kifua mbele, mwalimu wa zamu.

"Hii nini?"

"Vizibao. Shika mmoja uone."

Matroni akadaka mmoja wa wale wapole, akainua kizibao. Chini yake mgongo ulikuwa umeota vinyoya vipya, vifupi, safi. Matroni ameuguza watu maisha yake yote. Kidonda kilichopona anakijua hata akifumba macho. Alipitisha kidole polepole. Fundi akaona uso wa dada yake unataka kusema neno zuri, umekaribia kabisa, na akalitamani neno lile.

"Sikukwambia uwavishe nguo," Matroni akasema. "Nilikwambia jogoo aondoke."

Hapo Fundi akajua. Haikuwa migongo. Haikuwa migongo hata siku moja.

"Nimekupa nafasi ya kuchagua," Matroni akaendelea.

"Nimechagua. Wachukue."

Matroni akadhani hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Wachukue wote. Jogoo haendi popote. Dereva, matenga yako wapi?"

Ikawa vurugu, kuku wanakimbia, dereva anakimbia, Mbishi anamkimbiza dereva. Mitetea wakaingia kwenye matenga mmoja baada ya mwingine. Fundi hakusaidia na hakuzuia. Tenga la mwisho lilipofungwa Matroni akauliza, bila kumtazama, "Na hivi vinguo je?"

"Ni vyao, nimewapa. Mimi nikishatoa kitu, sikifuati."

"Alaa! Kwa hiyo mimi nafuata?"

"Dada," Fundi akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "umenipa kila kitu duniani, na kila ulichonipa umebaki nacho. Nguo ya kuazima haistiri matako. Mimi nimeivaa tangu utotoni, nimechoka kutembea nimejishika nyuma!"

Dereva akageuka akakagua tairi ambalo halikuwa na tatizo. Mtu akiumia huokota jiwe lililo karibu, na la Matroni lilikuwa hili: "Na cherehani je? Cherehani alinunua nani?"

Fundi akaingia ndani. Akakata uzi, akaitoa sketi iliyokuwa chini ya sindano, akaikunja vizuri akaiweka kitandani. Kisha akashika meza ya cherehani upande mmoja. Akaita, "Njoo ushike huku. Twende tuipakie."

Matroni naye mkaidi, tumbo moja lile. Akaja akashika. Cherehani ilikuwa ya miguu, chuma kitupu, na walipofika mlangoni ikakwama kwenye fremu, Fundi ndani, Matroni nje, wote wameinama, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuachia. Dereva akaja mbio.

"Usiguse!" wakasema wote wawili, na dereva akarudi kwenye tairi lake.

"Weka chini," Matroni akasema, jasho linamtoka.

"Sema ni ya nani."

"Mgongo wangu, we mtoto!"

"Wangu pia unauma. Sema ni ya nani."

"Ni yako."

"Sijasikia."

"Ni yako! Yako, mkaidi mkubwa we! Iweke chini!"

Wakaiweka. Matroni akajinyoosha kwa shida, akajifuta uso, akaingia kwenye pikapu bila kuaga. Mitetea alikwenda nao hivyo hivyo. Maneno yalikuwa yamemwishia, lakini kiburi kilikuwa kimebaki akiba.

Jioni ile Fundi alilia. Tusiseme uongo, alilia sana. Ua ulikuwa mtupu, na Mbishi alitembea pembe mpaka pembe, akapata mdudu, akamwinua, akaita, akamwangusha, akaita tena. Majirani walipochungulia kuuliza kama shule imefungwa, Fundi alisema, "Ng'o. Mwalimu mkuu bado yupo." Akafuta macho, akarudisha cherehani mahali pake peke yake, hatua kwa hatua, akashona. Alishona gauni. Hakuwa na mteja wa gauni. Alijisikia tu kushona gauni.

Kisha asubuhi moja Popo akaja mbio amejifunga shuka, usingizi kausamehe. Vifaranga! Tisa, na mmoja bado anagonga ganda. Walipata miguu ya Mbishi, ile mirefu, na hata kabla hawajakauka wawili walishaanza kugombana. Fundi aliwaweka mapajani akawatazama mpaka Popo akamwuliza kama anataka na kitanda.

Wiki ile haikuisha kabla pikapu haijarudi. Fundi aliisikia, akabaki ameketi. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Akangoja usukumwe, kama ulivyosukumwa miaka yote, maana katika nyumba ile Matroni hakuwahi kusimama nje hata mara moja.

"Hodi," sauti ikasema.

Fundi akatua mkasi.

"Nani?"

Dereva akakohoa. "Mimi," Matroni akasema.

"Wewe nani?"

"Dada yako. Unanijua, acha visa."

Fundi akaenda mpaka mlangoni, akaufungua kiasi cha kuonekana uso. Nyuma ya Matroni palikuwa na matenga mawili, na mitetea ndani yake wamevaa vizibao vilivyofuliwa na kupigwa pasi.

"Hawatagi," Matroni akasema. "Tangu niwachukue. Wanapigana kutwa nzima, na yule mkubwa ameanza kuwika."

"Anawika?"

"Anajaribu. Sauti mbaya mno." Dereva akageuza uso, mabega yanamcheza. Matroni akaendelea. "Nilikuwa nataka uniazime jogoo."

"Jogoo haazimwi."

"Basi nimewaleta."

"Wa nani?"

Matroni akatazama matenga, akatazama viatu vyake, akatazama mtaa mzima kama yupo atakayemsaidia kujibu. Hakuwepo. "Wako," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa haki hata pale haki ilipomchoma, akasema tena bila kuombwa: "Ni wako, mdogo wangu. Sitawafuata. Migongo yao imepona vizuri. Nilitaka kukwambia siku ile."

Fundi alilisikia neno lile likishuka mpaka chini kabisa, mahali alipolingoja tangu utotoni. Hakutabasamu. Alisogea pembeni kidogo.

"Sasa niingie?" Matroni akauliza.

"Subiri hapo hapo."

Akaburuta tenga la kwanza mpaka uani, akalifungua, kisha la pili. Mbishi akawaita. Walitoka mmoja mmoja, wanajikung'uta, na Fundi akamrekebisha kila mmoja kizibao chake, taratibu, bila haraka yoyote, mpaka wa kumi na mmoja. Matroni alisimama nje ya mlango jua likimpiga, mikono imefungwa mbele.

Ndipo Fundi akageuka.

"Karibu, dada."